Rangi ya gari kupauka: tunayoambiana huku Mtwara na Lindi, na ukweli wenyewe

Gari likishakaa juani miaka kadhaa boneti inapauka, ukipitisha kidole kinatoka na unga, na hapo kila mtu anakuja na dawa yake. Huyu mafuta ya taa, yule dawa ya meno, mwingine anakwambia hapo hamna ujanja peleka kwa fundi rangi gari zima lipigwe upya. Hela za watu zinapotea hapo katikati, na mbaya zaidi kuna rangi nzima kabisa zinaharibiwa na mtu aliyetaka kuzitengeneza, na hilo linaniuma kwasababu mara nyingi kazi yenyewe ilikua ni ya kopo moja la kompaundi (ile dawa nzito ya kusugulia rangi), waksi ya kupaka mwisho kuilinda, vitambaa safi na mikono yako mwenyewe.

"Ni chumvi ya bahari hiyo."

Hii ndo utaisikia kwanza, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, kote. Chumvi ina kesi yake lakini sio hii. Chumvi inakula chuma, pale rangi ilipochubuka, chini ya milango, kwenye matao ya matairi, kutu inaanzia hapo. Kupauka ni kazi ya jua, mionzi yake inavunjavunja ile gundi inayoshikilia rangi, juu panabaki tabaka lililokufa. Angalia mwenyewe gari lolote, paa na boneti ndo vinaanza, milango inafuata baadae sana, na ingekua ni chumvi basi chini kungetangulia. Na gari za Masasi na Newala ambako bahari iko mbali zinapauka vilevile. Ukitaka kujua gari lako lilikua na rangi gani fungua mlango uangalie kwenye fremu, pale jua halifiki, alafu rudi uangalie boneti. Kama ni jekundu jiandae, nyekundu ndo inateseka kuliko zote.

"Rangi ikishapauka imekufa, ni kupiga upya tu."

Hapa ndo naomba usome taratibu kwasababu hapa ndo penye hela. Rangi za magari ziko namna mbili. Kuna ile ya zamani ambayo rangi yenyewe ndo iko juu, haijafunikwa na kitu, na kuna ya siku hizi ambayo juu ya rangi kuna klia, tabaka linaloonekana kama kioo. Ya kwanza ikipauka unaondoa ule unga uliokufa juu na chini yake unakuta rangi hai inakusubiri. Ya pili ikiwa imefifia tu, nayo inasuguliwa inarudi. Lakini klia ikishaanza kubanduka, unaona mabaka yenye kingo kama ramani na kucha inakwama ukipitisha pembeni, hapo hakuna kompaundi duniani itakayoirudisha, ile sehemu inataka fundi rangi. Na hata hapo sio lazima gari zima, kama kilichobanduka ni boneti na paa basi zungumza habari ya boneti na paa.

Kujua lako ni lipi ni kazi ya dakika chache. Osha sehemu ndogo isiyoonekana sana, kausha, chukua kitambaa cheupe safi, weka kompaundi kidogo usugue kwa duara. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, yaani gari la bluu kitambaa kinakua bluu, hauna klia. Kikibaki na kompaundi yake tu, klia ipo. Sasa kwa gari jeupe kitambaa cheupe hakitakuonyesha kitu, tumia cheusi. Na nyeupe nyingi ni za namna ya kwanza, mfano Toyota zenye namba ya rangi 040, hiyo namba utaikuta kwenye kibati cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Iandike kwenye simu kabisa maana siku ukienda kuchanganyiwa rangi utaihitaji.

Ukishajua, unafanya hivi. Osha gari vizuri, fanyia kivulini, bodi iwe ya baridi kabisa, kwa jua letu hili maana yake asubuhi mapema au jioni, kwasababu kompaundi ikikaukia kwenye bodi ya moto inaganda na kuacha michirizi. Ziba plastiki nyeusi za bampa na raba za vioo kwa masking tepu, kompaundi ikiingia pale inaacha weupe unaosumbua kutoka. Chukua eneo dogo dogo, sugua, futa, angalia, rudia, na badilisha upande wa kitambaa kila unapoona kimechafuka, usione uvivu kwa hili kwasababu kile kilichotoka kikirudi juu kinachora. Mkono unachosha, paa peke yake litakula asubuhi nzima, usikimbilie gari zima siku moja. Mwisho waksi, na ukiishia njiani bila waksi jua linaanza upya kesho yake.

"Futa na mafuta ya taa au dizeli, utaona linavyong'aa."

Linang'aa kweli, kwasababu limelowa. Mafuta yanajaza vile vinyufa vidogo macho yanadanganyika, mafuta ya nazi nayo hivyohivyo, siku mbili tatu limerudi kulekule na sasa limekusanya vumbi jekundu la barabara za huko vijijini, na ukija kulifuta hilo vumbi unalichora. Mafuta ya taa yana kazi yake, kutoa matone ya lami, unafuta alafu unaosha na sabuni hapohapo. Ila mafuta ya breki yasiguse kabisa bodi yako, yale yanalainisha rangi na kuibandua, yakidondoka mwaga maji mengi haraka.

"Piga msasa, au funga spanji kwenye grenda."

Jamani hapana. Klia ya gari kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, unywele wa mtu ni kama 70, kwaiyo unachokisugua ni chembamba kuliko unywele na kila unaposugua kinapungua, hakiongezeki. Msasa wa maji namba 2000 au 3000 upo na mafundi wanautumia kwa mikwaruzo maalum, sio kwa gari zima na sio kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza. Grenda ndo balaa zaidi, ile ya kawaida ya kukatia chuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika wakati mashine ya polishi inafanya kazi kwenye 1,000 hadi 3,000. Kwenye kingo za boneti na milango rangi ni nyembamba zaidi, sekunde chache tu unaona praima, ile rangi ya msingi iliyo chini.

Dawa ya meno inasugua kidogo sana, kwa mchubuko mdogo au taa iliyofifia inasaidia, kwa boneti nzima utamaliza duka.

"Nunua klia ya kopo upulizie juu."

Ukipulizia klia juu ya rangi iliyokufa, klia inashika ule unga, haishiki gari, kwaiyo itabanduka pamoja nao. Na zile klia za kuchanganya na hadina, dawa ya kuifanya igande, zina kemikali zinazoumiza mapafu, barakoa ya kitambaa haizuii, usifanyie uani watoto wakiwa wanazunguka.

Sabuni ya unga nayo inasingiziwa. Haiui rangi kwa kuosha mara moja, inachofanya ni kuondoa waksi yote, na chembe zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza. Kabla ya kusugua kompaundi sabuni kali ya vyombo hata inafaa, baada ya waksi ndo uiache utumie shampuu ya gari. Ila maji ya visima vyetu vya pwani yenye chumvi chumvi usiyaache yakaukie juu ya bodi, yanaacha madoa, kausha na kitambaa.

"Mimi nafunika turubai, rangi iko salama."

Kama gari ni safi na hakuna upepo, sawa. Kipindi cha kusi turubai linapigapiga usiku kucha na vumbi liko chini yake, asubuhi unakuta mikwaruzo myembamba kote. Kivuli ni bora, japo chini ya mkorosho napo mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili mabibo yanadondoka na ndege wamejaa juu, vyote vioshe siku hiyohiyo. Waksi rudia kila miezi miwili mitatu, ukimwaga maji yakawa hayatengenezi matone tena ujue imeisha. Na msimu wa kupulizia mikorosho, ukikuta unga wa salfa umetua juu ya gari usiufute mkavu, mwaga maji kwanza huo unga uondoke ndo kitambaa kifuate.