Nambari 2147483647 si Simu ya Mtu Yeyote

Katika miezi ya hivi karibuni, kitengo chetu cha usimamizi wa data hapa Nairobi kimepokea malalamiko mengi kutoka kwa sacco na vyama ambavyo sajili zao zinaonyesha wanachama kadhaa wakitumia simu moja, 2147483647. Wapo waliofika mezani petu wakitaka mwenye simu hiyo akamatwe. Tunaomba hili lieleweke: hakuna wa kukamatwa.

Nambari hiyo, 2,147,483,647, ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Ni witiri, tena ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na imo katika kundi la nambari tasa za Mersenne, zile zinazopatikana kwa kutoa 1 kwenye kipeo cha 2. Utasa wake hauthibitishwi kwa kuitazama tu, wala kwa kujaribu 3, 5 na 7 kisha kutosheka, kama tunavyosikia kila mara. Chukua 536,870,911, yaani 2 kwa kipeo cha 29, kutoa 1: yaelekea kuwa tasa, kumbe ni 233 × 1,103 × 2,089. Kuhusu nambari yetu, mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha mwaka 1772 kwamba kigawanyo chake chochote kilicho tasa lazima kibakishe 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248. Na kwa kuwa inatosha kujaribu vigawanyo visivyozidi kipeuo cha pili cha nambari hiyo, nacho hakifiki 46,341, hazikuhitajika hesabu za kugawanya zaidi ya 372, na hakuna iliyotoka bila baki.

Hata hivyo, utasa huo sio uliovuruga sajili zenu. Katika mfumo wa jozi, ambao kompyuta huandika kwa 0 na 1 tu, nambari hii ni tarakimu 1 zilizofuatana mara 31, na nafasi ya biti 32, yaani ya tarakimu 32 za aina hiyo, ambayo biti yake moja huonyesha hasi au chanya, hujaa hapo hapo. Simu iliyoandikwa kwa kuanza na 254 inazidi bilioni 254. Baadhi ya programu za hifadhidata, zikiletewa kiasi hicho, huandika kikomo chao na kuendelea kimya.

Karani mmoja alituletea ukurasa uliochapishwa. Mwanachama aliyejaza simu kwa 07 alibaki na tarakimu tisa, sifuri ya mbele ikiwa imedondoka. Aliyemfuata, aliyejaza 254, alipewa 2147483647. Ya kwanza hurudishiwa sifuri yake. Ya pili haitengenezeki kwa hesabu yoyote, kwa maana simu zote ndefu huishia kwenye kikomo kilekile.

Utaratibu ni huu: nakili sajili nzima kabla ya kugusa chochote, badilisha safu wima ya simu iwe ya maandishi, si ya nambari, toa fomu za awali, au mwite mwanachama na kitambulisho chake, ingiza simu upya, naye aikague na kutia sahihi, kisha uandike tarehe na jina la aliyerekebisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, na faini ya kiutawala kwa anayeikiuka yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kusahihisha simu moja moja kabla ya kubadilisha safu hiyo ni kazi bure, kwani kila 254 mtakayoingiza itageuka tena kuwa 2147483647.