Wieskirche: kanisa la hija lililojengwa na fundi wa lipu

Watu wakiingia Wieskirche, pale karibu na Steingaden kusini mwa Ujerumani, wanakimbilia kupiga picha dhahabu na marumaru. Mimi kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya zamani, kwa hiyo huwa nawaambia kwanza angalieni juu mjiulize ile dari imeshikwa na nini, manake jibu lake ndo linafungua kanisa zima.

Imeshikwa na mbao. Lile sio kuba la mawe hata kidogo, ni papi, yaani mbao nyembamba, zilizopigiliwa chini ya kenchi za paa halafu zikapigwa lipu, yaani ukoo mmoja na dari za jipsamu tunazoweka majumbani, ila huyu fundi alikuwa Dominikus Zimmermann. Alitokea Wessobrunn, kijiji kilichojaa mafundi wa lipu za mapambo, na alianza kama fundi lipu kabla hajawa mjenzi wa makanisa, na ukilijua hilo unaona aliwaza jengo kwa mikono ya fundi lipu. Kuba la mawe ni zito na linasukuma kuta kwenda nje, inabidi ujenge kuta nene na madirisha uyabane. Dari ya mbao ni nyepesi, ndo maana aliweza kusimamisha jozi nane za nguzo zinazojitegemea kuzunguka ukumbi wenye umbo la yai, zisishikane na kuta, na nyuma yake akafungua madirisha makubwa. Ule mwanga wote unatoka hapo.

Sasa kwa nini jengo kubwa hivi katikati ya malisho? Mwaka 1730 abasia ya Steingaden, yaani monasteri ya pale, ilitengenezewa sanamu ya Yesu aliyepigwa mijeledi, kwa ajili ya maandamano ya Ijumaa Kuu, wakaunga vipande vya mbao, maungio wakayafunika kwa kitambaa, wakapaka rangi. Baada ya miaka michache ikaachwa kutumika. Mwaka 1738 mama mmoja mkulima, Maria Lory, akaichukua kwake Wies, hapa kanisa lilipo, na tarehe 14 Juni akasema ameona machozi usoni mwake. Watu wakaanza kumiminika, kikajengwa kikanisa kidogo, hakikutosha, ndo Dominikus akaanza hili mwaka 1745 na likakamilika 1754.

Na hija ina mahitaji yake, watu wanaingia na kutoka huku misa inaendelea. Zile nguzo zimeacha njia pembeni inayozunguka ukumbi, mbele nako kuna ushoroba unaozunguka altare, kwa hiyo hujaji anatembea bila kumkatiza anayesali. Wengi wanayasifu mapambo wanausahau mpango huu, wakati kwangu ndo akili kubwa ya jengo.

Nguzo nyekundu za altare mnazoita marumaru ni jasi iliyokandwa na gundi na rangi, ikapakwa, ikasuguliwa tena na tena mpaka ikang'aa. Ukigusa nguzo ya namna hii haina ubaridi wa jiwe. Wasiite feki! Ni kazi ngumu ya siku nyingi, na inampa fundi rangi anayoitaka: nyekundu ya damu ya Kristo karibu na ile sanamu, na pembeni yake buluu ya neema kutoka mbinguni.

Michoro ya dari ni ya kaka yake, Johann Baptist, na hapa ndo utamu ulipo, manake mmoja anapaka rangi na mwingine anafinyanga lipu na hutaona mpaka wao uko wapi, pambo linatoka ukutani linavuka linaingia ndani ya mchoro. Juu katikati yupo Kristo amekaa kwenye upinde wa mvua. Upande mmoja kuna kiti cha enzi cha hukumu, kitupu, na upande wa pili lango la umilele, limefungwa. Yaani hukumu haijaanza, bado kuna nafasi ya kutubu. Kwa mtu aliyetembea kutoka mbali kuja kuiona ile sanamu ya Yesu mwenye minyororo, huo ndo ujumbe alioufuata.

Dominikus alibaki kuishi hapohapo Wies mpaka alipofariki mwaka 1766. Abasia ilifungwa mwaka 1803 na kanisa likawa kwenye hatari ya kubomolewa, wakulima wa pale wakalipigania likabaki, na mwaka 1983 UNESCO wakaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.