Kuondolewa mfuko wa nyongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayechinja kuku huonywa mapema: usiipasue nyongo, nyama itakuwa chungu. Nyongo hiyo ni kijifuko cha kijani kilichojibanza chini ya ini, na maji machungu yaliyomo ndani nayo tunayaita nyongo. Neno moja, vitu viwili. Hofu nyingi kuhusu upasuaji huu zinaanzia hapo, kwa sababu mgonjwa akiambiwa "tutakutoa nyongo" huelewa kwamba mwili utabaki bila maji yale ya kumeng'enyea mafuta. Kinachotolewa ni mfuko.

"Bila nyongo chakula hakisagiki"

Nyongo hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Mfuko ni ghala tu. Huhifadhi mililita 30 hadi 50, huipunguza maji ikawa nzito, kisha hujiminya unapokula chakula chenye mafuta. Ukiondolewa, ini huendelea na kazi yake na nyongo hutiririka kidogo kidogo moja kwa moja hadi kwenye utumbo mwembamba. Ngamia, farasi na njiwa hawana mfuko huu kabisa, na wanakula na kunenepa. Upasuaji wa kwanza wa kuuondoa ulifanywa na daktari Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, kwa hiyo si jambo la majaribio.

"Ultrasaundi imeonyesha mawe, basi lazima upasuliwe"

Hapana. Watu wengi wana mawe ndani ya mfuko wa nyongo na hawajui, na wengi wao hawatayahisi maisha yao yote. Mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa. Kinachofanya upasuaji uhitajike ni maumivu yenye sura yake: yanakuja juu ya tumbo, katikati au chini ya mbavu za kulia, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta au usiku, yanashika kwa nusu saa hadi saa kadhaa na kupenya hadi mgongoni au kwenye bega la kulia, kisha yanaachia. Maumivu haya hudhaniwa mara nyingi kuwa ni vidonda vya tumbo, na mgonjwa hutumia omeprazoli miaka miwili mitatu bila nafuu. Kama dawa za vidonda hazikusaidii, omba ultrasaundi ya tumbo. Nenda ukiwa hujala kwa saa 6 au zaidi, maana ukila mfuko hujiminya na mawe madogo hayaonekani vizuri.

Kwa mwenye selimundu jambo hili lina uzito zaidi. Chembe nyekundu za damu zinazovunjika kila siku huacha rangi ya manjano ambayo hugandamana kuwa mawe, hata kwa mtoto. Maumivu ya tumbo yakija, yasihesabiwe moja kwa moja kuwa ni ya selimundu yenyewe.

"Mafuta ya zeituni na limau huyatoa mawe"

Mgonjwa hunywa kikombe cha mafuta na maji ya limau, asubuhi anaona chooni vidonge vya kijani, anaamini mawe yametoka. Vidonge hivyo vilipopimwa maabara vilikutwa ni sabuni, iliyotokana na mafuta yale yale aliyoyanywa. Huwa laini na huyeyuka vikipata joto. Ultrasaundi ikirudiwa, mawe yapo pale pale. Hatari ni kwamba mafuta mengi kwa mara moja huufanya mfuko ujiminye kwa nguvu na kuweza kusukuma jiwe dogo kwenye mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Hapo ndipo mambo hutumbukia nyongo: mrija huziba, macho yanageuka manjano, au kongosho linavimba, na kongosho likivimba linaweza kuua.

Dawa ya kuyeyusha mawe ipo, ila hufaa kwa mawe madogo ya kolesteroli pekee, huchukua miezi mingi, na mawe hurudi mara nyingi ikiachwa. Kwa sababu hiyo hiyo wapasuaji hawatoi mawe na kuuacha mfuko: mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine.

"Ni matundu tu, si upasuaji mkubwa"

Ngozi inaonyesha matundu manne, moja kitovuni, moja chini ya kidari, mawili madogo upande wa kulia, kila moja milimita 5 hadi 12. Ndani, kazi ni ya upasuaji kamili. Mgonjwa hulazwa usingizi mzito na kuwekewa mpira wa kupumulia. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili kupata nafasi, na kamera huingizwa kupitia kitovu. Daktari husafisha eneo la shingo ya mfuko mpaka aone vitu viwili tu vinavyoingia humo, yaani mshipa wa damu na mrija mdogo. Asipoviona waziwazi hakati. Akishavibana kwa vibanio na kuvikata, huubandua mfuko kutoka kwenye ini na kuutoa kupitia tundu la kitovu. Mara nyingi yote haya huchukua kati ya dakika 45 na 90. Vibanio vya titani hubaki mwilini na havina madhara.

Uangalifu wote huo ni kwa ajili ya kosa moja linaloogopwa: kuukata mrija mkuu wa nyongo kwa kudhani ni ule mdogo. Hutokea kwa wagonjwa wapatao 3 katika 1,000, na kurekebisha kwake ni upasuaji mgumu. Ndiyo maana daktari akikuta uvimbe mkali, makovu au damu isiyodhibitika, huacha kamera na kufungua tumbo. Tunasisitiza hili kwa ndugu wanaosubiri nje: kufungua tumbo si dalili ya kushindwa, ni kumlinda mgonjwa. Fomu ya ridhaa inapaswa kueleza uwezekano huo. Isome kabla ya kusaini.

Pasipo na vifaa vya kamera, upasuaji wa kufungua bado ni tiba sahihi. Mkato hupita chini ya mbavu za kulia, mgonjwa hulazwa siku 3 hadi 5, na kupona huchukua wiki 6 hadi 8. Wa matundu wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kabla ya siku yenyewe: chakula huachwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa hospitali iseme vingine. Chai ya maziwa ni chakula. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, za kisukari, na za mitishamba.

"Mfuko ukiwa umevimba, subiri miezi utulie"

Huu ulikuwa utaratibu wa zamani. Siku hizi, mfuko ukishavimba ghafla, inashauriwa kuutoa katika siku za kwanza, mgonjwa akiwa bado amelazwa, hali yake ikiruhusu. Anayerudishwa nyumbani kusubiri anaweza kushikwa tena kabla tarehe haijafika.

"Bega linauma, moyo umeguswa"

Ni mabaki ya gesi. Hukichokoza kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na neva yake hupeleka maumivu begani. Huisha baada ya siku 1 hadi 3, na kutembea husaidia. Lakini kifua kikibana, pumzi ikikata, au muundi mmoja ukivimba na kuuma, hiyo si gesi. Nenda hospitali mara moja.

"Aliyepasuliwa alale tu"

Kulala tu huleta damu kuganda miguuni na kichomi. Asimame na kutembea siku ile ile, hata kama ni kwenda chooni na kurudi. Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na inywewe kwa saa zake siku za mwanzo badala ya kungoja maumivu yapande. Angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Vidonda vikae vikavu saa 48 za kwanza.

Kazi ya mezani huwezekana baada ya wiki 1 hadi 2. Mizigo ndiyo inayosahaulika: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kwa wiki 4 hadi 6 usinyanyue zaidi ya kilo 5. Tundu la kitovu lisipoungana vizuri huleta ngiri. Nyumba ipange mapema nani atachota maji na nani atambeba mtoto.

"Hutakula mafuta tena"

Wiki za mwanzo kula kidogo mara nyingi: uji, ndizi za kupika, wali, samaki wa kuchemsha. Maandazi, chipsi na mchuzi wa tui zito rudisha taratibu, kimoja kimoja, ujue kipi kinakusumbua. Wengi hula kawaida ndani ya mwezi mmoja. Baadhi huharisha, kwa sababu nyongo huingia kwenye utumbo bila mpangilio wa mlo na kuuchokoza. Mara nyingi hutulia. Isipotulia mwambie daktari, kwani ipo dawa inayoinasa nyongo tumboni.

"Mfuko umetoka, hakuna jiwe tena"

Jiwe linaweza kuwa lilishateremka kwenye mrija mkuu kabla ya upasuaji na kujitokeza baadaye, hata baada ya miezi. Hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasuliwa tena. Kwa hiyo rudi hospitali bila kusubiri kliniki ukiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kinyesi cheupe kama udongo wa mfinyanzi, homa ya nyuzi 38 na zaidi, kutapika kusikokoma, kidonda kutoa usaha au maji ya kijani, au maumivu ya tumbo yanayozidi siku ya pili au ya tatu badala ya kupungua. Manjano haya si homa ya manjano inayoenezwa na mbu, na ukinywa dawa za malaria ukingoja yaishe unapoteza siku ambazo mrija ulioziba unaliharibu ini. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa: daktari wa zamu asiyekujua anahitaji kuona ni upasuaji gani uliofanywa na lini.