Kiwewe cha zamani na maumivu ya fibromialjia: "ni mawazo tu"?

Mgonjwa wa fibromialjia, yaani ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu yaliyoenea mwilini, akirudi na vipimo vya damu visivyo na kasoro na eksirei safi, huambiwa: "Huna kitu, ni mawazo tu." Akitaja kwamba alipigwa utotoni au alinusurika ajali, ndiyo kabisa.

Vipimo hivyo hutafuta uvimbe, maambukizi au mfupa uliovunjika. Shida hapa iko kwenye namna uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea ishara, kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Mkanda wa begi begani, ambao mwingine hata hauhisi, kwake unauma kweli. Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa waliyapa maumivu ya aina hii jina: nosiplastiki.

Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, kinaingiaje? Hofu ya muda mrefu huuweka mwili chonjo na kukatakata usingizi, na asiyelala vizuri huumia zaidi. Basi kiwewe huongeza uwezekano, lakini hakitoshi peke yake. Wengi walioteswa hawaupati ugonjwa huu, na wapo wanaoupata bila historia hiyo. Kumshinikiza mgonjwa "akumbuke" tukio ni kumwonea.

Daktari huangalia maumivu yaliyoenea mwilini kwa angalau miezi 3, uchovu, usingizi usioburudisha na kusahausahau. Mazoezi huanza kidogo, tuseme kutembea dakika 5, kisha huongezwa taratibu. Wengi huharibu siku ya nafuu: hufua, hudeki, hubeba maji, halafu siku tatu hawainuki kitandani. Ushauri nasaha husaidia pia, na kupewa rufaa huko hakumaanishi maumivu ni ya kubuni.