Githeri ya Jumatatu, na mambo mengine ya kumbukumbu ambayo nimechoka kuyasikia

Wiki iliyopita nilikaa na ndugu wawili, kaka na dada, kwa hiki kiofisi changu hapa Ngong Road, wanagombania ploti ya Kamulu. Marehemu baba yao alisema kitu akiwa kwa kitanda cha hospitali na kila mmoja ana yake, kaka anasema mzee alisema iuzwe wagawane, dada anasema mzee alisema isiuzwe hata wakilala njaa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu wasijulikane, na walinikubalia niandike.) Sasa dada akaniangalia akanipiga na ile sentensi: "Daktari, mimi siwezi kukosea, naona kila kitu kama video, hata ile sweta nyekundu alikuwa amevaa naiona."

Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, lakini hilo nilishachoka kuwarekebisha.

Kaka akatoa simu. Picha ya siku hiyohiyo, saa nane mchana, tarehe iko hapo: mzee amelala, amefunikwa shuka ya bluu ya wadi, mikono iko nje, hakuna sweta. Dada akanyamaza, akaikuza ile picha na vidole, akaangalia tena, alafu akasema basi hiyo ni ya siku ingine.

Haya, wacha niandike hii kitu mara moja, mwingine akija na "kama video" nimtumie asome kwanza akiwa kwa matatu.

"Naikumbuka vizuri sana, kwa hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Hapana. Hakuna kamera huko ndani. Fikiria githeri. Jumatatu umepika mahindi na maharagwe na chumvi, basi. Jumanne unaipasha, unaikaanga na kitunguu na nyanya. Jumatano imepungua unaongeza waru na maji kidogo, Alhamisi jirani amekuletea kabichi, nayo inaingia. Ijumaa unapakulia mgeni unamwambia hii niliipika Jumatatu, na hudanganyi, sufuria ni ileile. Kumbukumbu ni hivyo. Vipande vyake haviko mahali pamoja, yale uliyoona yako kando, sauti kando, ile hofu uliyosikia kando, na kila ukikumbuka ubongo unaviokota na kuvipika upya, penye pengo unajaza na kile ambacho kwa kawaida huwa hapo (wazee wagonjwa huvaa sweta, si ndio?) alafu unairudisha ikiwa na hizo nyongeza. Na hakuna mahali umeandikiwa hii ni ya Jumatatu na hii kabichi ni ya jirani. Zote zina ladha moja.

Hii si falsafa yangu. 1974 huko Marekani mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana alafu wakauliza yalikuwa yanaenda kasi gani. Walichobadilisha ni neno moja tu la swali. Walioulizwa yalipobamizana walisema kwa wastani karibu maili 41 kwa saa, walioulizwa yalipogusana wakasema karibu 32. Filamu ni zilezile! Kwa jaribio la pili, na watu wengine, wakawarudia baada ya wiki moja, wakauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwa wale 50 wa neno kali (yalipobamizana), 16 walisema ndio waliviona, kwa 50 wa neno la kawaida (yalipogongana) ni 7. Na kwa hiyo filamu hakukuwa na kioo chochote kimevunjika. Sasa kama neno moja la mtu usiyemjua linakuwekea vioo kichwani, fikiria miaka miwili ya shangazi akikuuliza kila Krismasi "lakini si mzee alikataa iuzwe?"

Wengine husema sawa, hiyo ni ajali ya filamu, lakini jambo kubwa haliwezi kusahaulika. Mkenya yeyote aliyekuwa na akili zake 1998 atakuambia alikuwa wapi Ijumaa ile ya Agosti 7 bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani. Mimi pia. Nilikuwa mtoto, tulikuwa tunakaa Ngara, nakumbuka kioo cha dirisha la jikoni kikitetemeka na mama akiangusha mwiko. Nimeisimulia hiyo hadithi miaka na miaka. Mama anasema siku hiyo nilikuwa Murang'a kwa shosh (bibi yangu), na mwiko aliangusha, lakini aliangusha peke yake. Yaani hadithi ni yake, mimi nimeisikia mpaka nikajiweka ndani. Na hata baada ya kuambiwa, hicho kioo bado nakisikia.

Ulric Neisser, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya kitu kizuri sana na jambo hili. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, kesho yake asubuhi yeye na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi waandike walikuwa wapi na walisikiaje habari. Miaka miwili na nusu baadaye wakawauliza 44 kati yao tena. Watatu tu ndio walipata kila kitu sawa, 11 hawakupata hata kitu kimoja, na wengi wao walikuwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe kuna waliokataa, wakashikilia ile hadithi mpya. Si unaona, dada yetu wa sweta ako na wenzake.

Kitu kinaniudhi zaidi ni vile watu wakitofautiana wanaitana waongo. Mume na mke wanakaa hapo mbele yangu, "wewe ni muongo", "hapana wewe ndio muongo", na kwa macho yangu hakuna anayedanganya, ni sufuria mbili za Ijumaa zinabishana. Ule uhakika wa mtu aliyesimulia jambo mara hamsini unaonyesha tu kwamba amesimulia mara hamsini.

Dawa yangu ni moja na wateja wangu wanaijua mpaka wananicheka: andika siku hiyohiyo. Kidaftari, au jitumie meseji ya WhatsApp, tarehe ikae hapo. Kiswahili chenyewe kilishajua hii shida, yale maandishi ya mkutano wa chama tunayaita nini? Kumbukumbu. Na mkutano unaofuata yanasomwa, mmoja anapendekeza mwingine anaunga mkono, ndio yanakubaliwa. Kwa mambo ya elfu mbili za wiki tunafanya hivyo, lakini kwa maneno ya mwisho ya mzazi tunaamini vichwa.

Hizo imani zingine za watu nitazipitia haraka.

"Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo." Uongo. Mwulize mtu yeyote aliyeuguza mgonjwa wa stroku kama kuna sehemu ya ubongo iliyokuwa haina kazi.

"Akigongwa kichwa anasahau jina lake, akigongwa tena anakumbuka." Hiyo ni ya zile soap za jioni. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji 1953 kutibu kifafa, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya) pande zote mbili, na jina lake alilijua, utoto wake aliukumbuka, kilichomshinda ni kuweka mambo mapya mpaka alipofariki 2008. Brenda Milner aliyekuwa akimpima ilibidi ajitambulishe kila mara. Na kipigo cha pili kinaongeza tu madhara, tafadhali.

"Kumbukumbu yangu imeharibika, sijui funguo niliweka wapi." Ulikuwa unaongea na simu ukiziweka. Haikuingia, sasa unataka kutoa nini?

"Ni uzee tu", na ndugu yake, "amerogwa." Hapa ndio sicheki. Jina la mtu kukupotea alafu likujie ukiosha vyombo, hiyo ni kawaida. Lakini mama akiuliza swali lilelile mara nne kabla chai ipoe, au apotee njia ya kanisa ambalo ameenda miaka 30, au ashindwe kupika kitu alichopika maisha yake yote, huyo apelekwe kliniki, si kwa maombi pekee. Inaweza kuwa Alzheimer, ndio, lakini pia inaweza kuwa upungufu wa vitamini B12, thairoidi, depresheni, ama dawa anazomeza, na hizo kuna la kufanya. Nimeona familia zikikaa miaka mitatu na "uzee tu".

"Nimesoma hiyo topiki mara saba." Wazazi wa watoto wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), funga hicho kitabu. Watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walionyesha 2006 kwamba waliosoma tena na tena walishinda mtihani wa dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki waliojijaribu wenyewe ndio walikumbuka zaidi. Mtoto afunge kitabu, achukue nyuma ya kalenda ya mwaka jana, aandike yote anayokumbuka, alafu afungue aone aliyoyaacha. Na alale, kwa sababu usingizini ndio ubongo unashikilia ya mchana, kukesha usiku kabla ya pepa ni kujiibia. Zile tembe za kumbukumbu zinauzwa huko tao siziongelei.

Hao ndugu wanarudi Alhamisi. Nimewaambia kila mmoja aandike peke yake anachokumbuka kabla hawajaongea tena, na wasimwonyeshe shangazi. Kaka bado. Dada ameshanitumia yake jana usiku, kurasa nne. Sweta imetoka. Sasa mzee alikuwa na shuka ya bluu, na anasema hiyo shuka anaiona kabisa.