Mboni Kutanuka Si Ushahidi wa Kutamaniwa

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: ukiongea na mtu mboni zake zikatanuka, basi anakutamani, hata akiapa kwamba anakuheshimu tu. Si kweli. Mboni hubadilika zenyewe, toka milimita 2 hivi kwenye mwanga mkali hadi 8 gizani. Hofu huzitanua, baadhi ya dawa pia, hata hesabu ngumu. Jaribu mwenyewe: simama mbele ya kioo chumbani kwenye mwanga hafifu, kisha washa taa. Utaziona zikinywea. Halafu mwambie mwenzio azidishe 17 kwa 24 kichwani. Huenda zikatanuka kidogo, na sidhani kama anaitamani hesabu.

Kinachochanganya watu ni kwamba anayetamani, mboni zake zinaweza kutanuka kweli. Ila anayemsikiliza mwalimu wake kwa hamu, naye vilevile. Jicho linaweza kuonyesha mtu amezama. Halisemi kama amependa kipaji chako au anakutaka wewe. Hayo yatafute kwenye maneno na mwenendo wake.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako. Kuna mke aliyebanwa maswali kwa kumtazama fundi cherehani “vile”, kumbe siku hiyo kibandani umeme ulikatika.