Ghuba ya Bantry, 1796: kabla ya upepo kulaumiwa

Kila ninapofundisha safari ya Wafaransa kwenda Ireland, wanafunzi hunijibu kwamba walishindwa na upepo. Ni kweli, lakini mimi huwarudisha siku tano kabla ya kufika Ghuba ya Bantry, kusini-magharibi mwa Ireland, kwenye usiku wa kutoka bandari ya Brest, Ufaransa.

Theobald Wolfe Tone, mwanasheria wa Dublin na mmoja wa waasisi wa chama cha United Irishmen, alifika Paris mapema mwaka 1796 kuomba msaada wa kuung'oa utawala wa Waingereza. Serikali ya Mapinduzi ilimsikiliza. Ilimpa Jenerali Lazare Hoche, kijana wa miaka 28, askari karibu 15,000, merikebu zaidi ya 40, na bunduki zaidi ya 40,000 za kugawia waasi.

Hoche na admeri wake, Morard de Galles, wakapanda pamoja frigati moja (manowari ndogo yenye kasi), Fraternité. Kwangu mimi, kosa kubwa kuliko yote ni hilo. Jioni ya tarehe 16 Desemba kundi lilikuwa linapita Raz de Sein, mlango mwembamba wenye miamba. Giza likiingia, admeri akaamuru njia ibadilishwe. Wengi hawakuiona ishara. Manowari Séduisant ikapanda mwamba na kuzama pamoja na mamia ya watu. Mizinga yake ya kuomba msaada ikachanganyika na mizinga na fataki za Edward Pellew, nahodha Mwingereza aliyejipenyeza katikati yao makusudi ili kuvuruga ishara. Kulipokucha, Fraternité haikuonekana. Jeshi zima lilikuwa limepoteza vichwa vyake viwili kwa mpigo.

Waliofika Bantry tarehe 21 waliongozwa na Bouvet baharini na Grouchy kwa upande wa askari. Sasa ndipo upepo unapoingia. Ghuba hiyo imelala kama mfereji wa kilomita 35 hivi, mdomo wake ukitazama kusini-magharibi. Upepo wa mashariki ulikuwa ukitoka kichwani mwa ghuba na kuwapiga usoni. Ilibidi wapige bisho, huku na huku, kugombea kila hatua. Nahodha wa jahazi anajua kazi hiyo. Merikebu yenye matanga ya mraba inabisha vibaya kuliko jahazi la tanga moja, tena hapa yalikuwa makumi ya merikebu yakigeuka mahali pembamba, theluji ikianguka. Wengi walisukumwa nje wasirudi. Tone, aliyekuwa ndani ya Indomptable, aliandika katika shajara yake kwamba walikuwa karibu na nchi kavu kiasi cha kuweza kurusha biskuti ikafika.

Tarehe 24 Grouchy, akiwa na askari kama 6,500 tu, alikata shauri kushuka nao. Kesho yake, siku ya Krismasi, dhoruba ikakaza. Bouvet akakata amari ya nanga, akakimbilia bahari kuu, Grouchy akiwa ndani ya merikebu hiyohiyo. Nawahurumia wote wawili, lakini nina hakika Hoche angekuwepo, mashua zingeteremshwa tangu siku ya kwanza, kabla bahari haijachafuka kiasi hicho. Majeshi ya Uingereza yaliyokuwa karibu yalikuwa machache mno kuwazuia.

Indomptable ilirejea Brest tarehe 1 Januari 1797. Hoche naye alikaribia Ireland wenzake wakiwa wamekwisha ondoka. Katikati ya Januari manowari Droits de l'Homme, ikirudi, ilipigana na Pellew usiku kucha katika mawimbi makubwa, ikavunjikia pwani ya Bretagne, watu wengi wakafa. Uasi wa Ireland ulipolipuka mwaka 1798, Wafaransa walirudi na watu kama 1,000 tu chini ya Jenerali Humbert, wakati waasi wengi walikwisha vunjwa.

Mashua moja ya safari ile ya Bantry bado ipo. Ilisukumwa na dhoruba hadi Kisiwa cha Bere, mabaharia wake wakakamatwa, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland, ikiwa na nafasi za makasia pande zote mbili.